Usingizi Unaokushika Mchana: Mwongozo kwa Wakazi wa Kate na Ufipa

Mtu akisinzia mara moja kwenye mkutano wa kijiji, watu humcheka na kumgusa bega. Akisinzia kila mkutano, kisha kanisani, kisha darasani, kisha akiwa bado ameshika jembe, hupewa jina. Kijana huitwa mvivu. Mwanamume wa makamo husemwa kwamba jana alikesha kwenye pombe ya kimpumu. Msichana aliyelegea magoti ghafla katikati ya kicheko husemwa ana mapepo, na akieleza kwamba usiku kitu kilimkalia kifuani asiweze hata kuita, basi macho ya watu humgeukia jirani: nani anamchezea huyu mtoto? Hapa Kate, kama sehemu nyingine za wilaya ya Nkasi, jina hutolewa kabla ya mgonjwa kufika zahanati, na likishatolewa ni vigumu kulivua.

Ombi langu kwa msomaji ni moja: andika dalili kwanza, jina lisubiri. Usingizi wa mchana usioisha mara nyingi ni ugonjwa wa mwili wenye dalili zinazoweza kuhesabiwa na kuandikwa kwenye daftari la mwanafunzi. Baadhi ya magonjwa hayo yanatibika kabisa, na mengine mtu huishi nayo maisha yake yote. Hata hayo ya maisha yote yana namna ya kuyapunguza makali kwa vitu vilivyopo hapa hapa uwandani.

Anza na saa za kulala

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku. Mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Sasa mtazame mama wa Ufipa msimu wa kilimo. Anaamka saa 10 alfajiri achote maji, awashe moto, apike uji wa watoto, kisha ashike njia ya shamba. Anarudi jioni, anatwanga au anakwenda mashine, anapika, anaosha vyombo, analala saa 5 usiku. Hizo ni saa 5. Akisinzia mchana, hana ugonjwa wa usingizi, ana kazi nyingi kuliko usiku wake, na tiba yake ni wengine nyumbani kushika ndoo. Hali ni hiyo hiyo kwa mwanafunzi anayetembea mwendo mrefu kwenda shule ya sekondari na kurudi, kisha anasoma kwa tochi ya simu hadi usiku wa manane.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji daktari. Kwa wiki mbili mfululizo, mtu huyo alale na kuamka saa zile zile, na apate saa zinazotosha umri wake. Usingizi wa mchana ukiondoka, jibu limepatikana. Usipoondoka, endelea kusoma.

Hapa nilete onyo moja la baridi yetu. Uwanda wa Ufipa uko juu, kati ya mita 1,500 na zaidi ya 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi ya usiku huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anayeamka kila siku na kichwa kizito, kichefuchefu na usingizi usiokatika, na watu wa chumba kile kile wana hali hiyo hiyo, aanze kwa kulitoa jiko nje. Hewa hiyo huua familia nzima usiku mmoja. Jiko lipashe chumba joto jioni, kisha litoke kabla ya mtu kulala.

Pima usingizi wako kwa namba

Mwaka 1991 daktari Murray Johns wa Australia alichapisha kipimo kifupi kinachoitwa Kipimo cha Epworth. Kinauliza jambo moja: katika hali nane za kawaida, una uwezekano gani wa kusinzia? Kila hali unaipa alama: 0 kama husinzii kamwe, 1 kama uwezekano ni mdogo, 2 kama ni wa wastani, 3 kama ni mkubwa. Nimeweka mifano ya huku kwetu.

Ya kwanza, umekaa unasoma. Ya pili, unatazama televisheni nyumbani au kibandani. Ya tatu, umekaa kimya penye watu, kama kanisani au kwenye mkutano. Ya nne, uko abiria kwenye basi la Sumbawanga kwa saa nzima bila kusimama. Ya tano, umejilaza alasiri. Ya sita, umekaa unaongea na mtu ana kwa ana. Ya saba, umekaa kimya baada ya chakula cha mchana na hukunywa pombe. Ya nane, uko kwenye gari lililosimama dakika chache kushusha mzigo.

Jumla ya juu kabisa ni 24. Ukivuka 10, usingizi wako umezidi na unastahili kuchunguzwa. Mimi hutazama zaidi ile ya sita. Watu wengi husinzia wakijilaza alasiri, lakini anayesinzia huku akiongea nawe uso kwa uso, sentensi ikamkatikia mdomoni, ana tatizo hata kama jumla yake si kubwa. Andika namba hizo kwenye daftari pamoja na tarehe. Zirudie baada ya mwezi.

Vyanzo vinavyotibika, visiachwe nyuma

Kabla ya kufikiria ugonjwa wa usingizi wenyewe, kuna vyanzo ambavyo zahanati na hospitali zetu zinaweza kuvishughulikia.

Malale kwanza, kwa sababu kuchelewa kwake ni kifo. Ugonjwa huu huletwa na vimelea vinavyobebwa na mbung'o, ambao wengi wetu tunawaita ndorobo. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua watu zaidi ya 200,000 kwenye pwani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, na kwa miongo mingi baadaye serikali ya kikoloni ilihamisha watu wa magharibi ya Tanganyika kutoka misituni kwa sababu yake. Siku hizi wagonjwa ni wachache sana, lakini aina ya vimelea iliyoko Afrika Mashariki ni ile ya haraka: huua kwa wiki au miezi, haingoji miaka. Anayerina asali, anayewinda, anayechunga, anayekata mbao au kulinda wanyama kwenye mapori ya upande wa Lwafi na Katavi, akipata homa isiyotulia kwa dawa ya malaria, kidonda pale alipoumwa, kichwa kinachogonga, kisha akaanza kulala mchana na kukesha usiku huku tabia yake ikibadilika, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na aseme mwenyewe: "Nilikuwa porini, nimeumwa na ndorobo." Mhudumu asiyeambiwa hivyo atapima malaria tu. Vimelea vya malale huonekana kwa darubini kwenye damu, na wakati mwingine hupimwa maji ya uti wa mgongo. Dawa zipo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazole kwa aina hii ya Afrika Mashariki pia, mahali ambapo zamani mgonjwa alitegemea sindano kali.

Mengine nayataja kwa haraka. Upungufu wa damu, hasa kwa wajawazito na watoto wenye minyoo ya safura, huleta uchovu na pia miguu isiyotulia usiku, ile hali ya kutambaliwa na kitu ndani ya ndama za miguu ambayo hupoa tu mtu akiinuka na kutembea. Tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu huleta usingizi, baridi isiyoisha mwilini na sauti nzito. Nyanda zetu za juu zimejulikana muda mrefu kwa rovu, kwa hiyo nunua chumvi yenye madini joto. Kisukari humwamsha mtu usiku kucha kwenda haja ndogo. Sonona humfanya mtu alale kutwa au asilale kabisa.

Na dawa zenyewe. Piriton ya mafua husinziza. Fenobabito ya kifafa husinziza. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegravir, ambazo Tanzania ilianza kuzitumia kwa wingi mwaka 2019, baadhi yao hukosa usingizi wakizimeza usiku. Mara nyingi kuhamishia kidonge asubuhi hutosha, ila ongea kwanza na kliniki yako, na usiruke hata dozi moja.

Mkoromo unaokatika

Kuna ugonjwa ambao mwenye nao hawezi kujigundua, atagunduliwa na mke, mume au watoto. Mtu anakoroma kwa nguvu, kisha mkoromo unakatika, kunakuwa kimya kwa sekunde 10 au zaidi, halafu anavuta hewa kwa kishindo kama aliyetoka kuzama, na kuanza tena. Hiyo ni apnea ya usingizi. Koo linajifunga, hewa haipiti, ubongo unamwamsha kidogo tu apumue, na hili laweza kutokea makumi ya mara kila saa bila yeye kukumbuka. Asubuhi anasema amelala saa 8. Mwili wake haujalala.

Ugonjwa huu ni wa kawaida kuliko narkolepsi nitakayoieleza mbele, na una mkono kwenye shinikizo la damu lisiloshuka kwa dawa. Huwapata zaidi wanene na wenye shingo nene, lakini hata mtu mwembamba mwenye taya dogo anaweza kuwa nao. Mtoto anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi huenda ana mafindofindo makubwa, na huyo upasuaji unaweza kumponya. Nasisitiza hilo kwa wazazi kwa sababu mtoto wa namna hii shuleni haonekani amesinzia. Huonekana mtundu, asiyetulia, asiyeshika somo, naye huchapwa kwa kosa la koo lake.

Mwenye kukoroma hivyo aache pombe jioni, maana pombe hulegeza koo. Alale ubavu. Kuna njia ya zamani ya kushona mfuko mgongoni mwa fulana na kuweka ndani yake mpira mdogo ili kulala chali kumsumbue. Njia hiyo ni ya bure na huwasaidia wengi wenye hali nyepesi. Apunguze uzito kama umezidi, na apimwe shinikizo la damu na sukari. Kwa hali nzito kuna mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku kucha. Ni ghali na inahitaji umeme, lakini ni vizuri ujue ipo, kwani daktari wa rufaa anaweza kuitaja.

Narkolepsi, ugonjwa unaoonewa

Sasa nifike kwa yule msichana aliyelegea kwa kicheko.

Ndani ya ubongo kuna seli chache zinazotengeneza kemikali iitwayo oreksini. Kazi yake ni kumshikilia mtu macho na kuzuia ndoto zisiingie mchana. Makundi mawili ya watafiti yaliigundua mwaka 1998, na mwaka 2000 ikaonekana kwamba kwa wagonjwa wa narkolepsi seli hizo zimekufa. Inaaminika kinga ya mwili yenyewe ndiyo iliyoziua, wakati mwingine baada ya maambukizi kama mafua makali, kwa watu waliozaliwa na urithi unaowaweka hatarini. Daktari Mfaransa Gélineau aliupa ugonjwa huu jina mwaka 1880, miaka zaidi ya 100 kabla ya chanzo kujulikana. Kwa hiyo hata madaktari walikaa karne nzima bila kujua chanzo chake.

Makadirio ya kimataifa ni watu 25 hadi 50 kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.5 mkoani Rukwa. Ikiwa kiwango cha kwetu ni hicho hicho, basi wapo mia kadhaa mkoani, na wengi wao hawajui jina la kinachowasumbua. Huanza mara nyingi kati ya miaka 10 na 25, yaani umri wa shule, na hata katika nchi tajiri miaka mingi hupita kabla mtu hajatambuliwa.

Dalili ni tano, ingawa si kila mgonjwa anazo zote. Usingizi wa mchana unaomshika mtu hata akiwa amelala vya kutosha, akilala dakika 15 anaamka mchangamfu, kisha baada ya saa chache unarudi. Kulegea kwa ghafla anapocheka, anapofurahi au kushtuka: taya linaanguka, kichwa kinainama, magoti yanaisha nguvu, pengine anaanguka, kwa sekunde chache hadi dakika mbili. Jinamizi, yaani kuamka mwili ukiwa hauwezi kusogea. Ndoto za wazi mno wakati wa kuingia au kutoka usingizini, akiona watu au wanyama chumbani. Na usiku wenyewe unaokatika-katika, kwani mgonjwa hulala kwa urahisi lakini haendelei.

Kulegea huko ndiko huchanganywa na kifafa, na tofauti yake ni muhimu sana. Mwenye kulegea kwa narkolepsi anasikia kila kinachosemwa na ataweza kukusimulia baadaye. Hang'ati ulimi, hajikojolei, hatetemeki mwili mzima, na karibu kila mara kuna kicheko au mshtuko uliotangulia. Akiandikiwa fenobabito kwa makosa, usingizi wake wa mchana utazidi, na familia itaamini kuwa ugonjwa "umepanda". Mkipata simu, mrekodini anapolegea. Dakika moja ya video itamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Jinamizi linahitaji nafasi yake, kwa sababu ya mahali tunapoishi. Mtu anapoota, mwili hufungwa makusudi ili asiitende ndoto yake: misuli hulegea yote isipokuwa ile ya kupumua na ya macho. Mara nyingine ubongo huamka kabla kifungo hicho hakijafunguka. Mtu anaona chumba, anasikia sauti, hawezi kusogea, kifua kinamlemea, na ndoto iliyobaki inajaza giza kwa mtu au kivuli. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta takriban asilimia 8 ya watu wamewahi kupatwa na jambo hili angalau mara moja. Wengi wao ni wazima kabisa, hulipata wakiwa wamechoka, wamekosa usingizi au wamelala chali.

Hofu yake ni ya kweli, na mnajua inavyoweza kufika mbali. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Watu walisema kitu kinawakaba usiku, wakalala nje kwa makundi kuzunguka moto, na mjini Zanzibar mtu mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania ndiye. Watafiti waliochunguza masimulizi hayo walionyesha jinsi yanavyofanana na jinamizi. Kwetu Ufipa tuna historia yetu. Miaka ya 1960 vijana wa Kamchape walipita vijijini kutafuta wachawi, na mwanazuoni Roy Willis aliyekuwa akiishi na Wafipa wakati huo aliliandika jambo hilo mwaka 1968. Lambalamba, nao watafuta wachawi, bado wanatajwa hadi leo. Mtoto akisema "nimekabwa usiku", na mganga akaulizwa ni nani, jibu huangukia bibi kizee anayeishi peke yake.

Siwaambii watu waache kusali. Sala humtuliza aliyeogopa, na haigombani na daftari wala daktari. Ninachokataa kwa nguvu zote ni jina la mtu kutajwa. Sheria ya Uchawi, ambayo imekuwapo tangu 1928, inamfanya anayemtuhumu mwenzake uchawi kuwa mkosaji, na ukoo ukishagawanyika kwa tuhuma hauungani tena hata mgonjwa akipata nafuu.

Jinamizi likikushika, usipigane nalo. Vuta pumzi polepole, jaribu kusogeza ncha ya kidole au ulimi, litafunguka lenyewe ndani ya dakika chache. Anayelala karibu nawe akikuona macho wazi na pumzi ya haraka, akuguse na kukuita jina.

Kuipanga siku

Mwenye narkolepsi hawezi kuushinda usingizi kwa kujikaza. Akijikaza, utamshika mahali pabaya. Kinachosaidia ni kuupa nafasi kabla haujaichukua wenyewe: alale kwa makusudi dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku, kwa saa zile zile. Mathalani saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri. Shambani kuna kivuli. Dukani kuna gunia la kuegemea. Weka kengele ya simu, au mwambie mtoto akuamshe. Usiku lala na uamke saa zile zile hata Jumapili. Toka nje kwenye mwanga wa asubuhi mapema. Chakula kizito cha ugali mchana huzidisha usingizi, kwa hiyo kula kidogo kidogo, na kama unakunywa kahawa au chai ya rangi kali, ishie saa 8 mchana. Kimpumu na gongo, hapana. Pombe humlaza mtu haraka, kisha huukata usiku vipande na kesho yake humalizia kazi.

Nyumbani hatari kubwa ni moto. Mama anayesinzia mbele ya mafiga matatu, sufuria ikichemka na mtoto mgongoni, yuko hatarini yeye na mtoto. Apike baada ya kulala kidogo, si kabla. Jiko liinuliwe au liwekewe ukingo. Mtoto abebwe na mwingine wakati wa kupika. Kama anajua kicheko humlegeza, asikae na mtoto mchanga mikononi akiwa amesimama. Atafute mkeka. Asiogelee ziwani peke yake, asipande juu ya paa wala mti, na panga la kufyekea lishikwe asubuhi anapokuwa mchangamfu zaidi.

Bodaboda, trekta, lori la mahindi: asiendeshe mpaka daktari amemruhusu. Najua maneno haya yanagusa mkate wa mtu. Lakini barabara haisamehe sekunde tatu za usingizi, na abiria wa nyuma hakuchagua. Familia ikae ipange kazi nyingine: kuuza, kushona, kufuga, kukagua mzigo, kazi yenye kutembea-tembea na watu karibu. Kazi ya kukaa peke yake kimya, kama ulinzi wa usiku, itamshinda.

Wavuvi wa Kirando, Kipili na Kabwe wana shida ya aina yake. Dagaa huvuliwa usiku wenye giza kwa taa, kwa hiyo saa ya mwili hugeuzwa kila mwezi mbalamwezi inaporudi. Hilo pekee linaweza kumfanya mtu mzima asinzie kama mgonjwa. Avue, lakini akirudi alale chumba chenye giza, kitambaa machoni, kabla ya kukaa na wenzake mwaloni hadi mchana.

Shuleni, mzazi aende kwa mwalimu mkuu mapema, akiwa na daftari la dalili na kitu chochote kilichoandikwa na hospitali. Ayaombe mambo yanayowezekana: mtoto akae mbele karibu na dirisha, aruhusiwe kusimama nyuma ya darasa usingizi unapoanza, apewe dakika 15 za kulala wakati wa mapumziko, na asichapwe kwa kusinzia. Mwalimu awaeleze wanafunzi wenzake kwa maneno machache. Watoto wakishaelewa ugonjwa, ndio huwa wa kwanza kumshika mwenzao asianguke.

Kuhusu kukosa usingizi

Wapo wasomaji ambao shida yao ni kinyume chake, macho makavu hadi majogoo. Kwao nasema machache. Kitanda kiwe cha kulala tu, si cha simu wala hesabu za pembejeo. Ukikaa kama dakika 20 usingizi haujaja, inuka, kaa gizani, rudi utakapokujia. Usifidie kwa kulala mchana. Usinunue vidonge vya valiamu dukani: mwili huvizoea kwa wiki chache, na kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Kukosa usingizi kwa zaidi ya miezi mitatu, hasa kukifuatana na huzuni au mawazo ya kujiua, ni jambo la kumpelekea daktari bila kuona haya.

Safari ya hospitali

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu: damu, malaria, sukari, shinikizo la damu, ujauzito. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya Namanyere, na kutoka hapo Sumbawanga, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Dokta Atiman. Hiyo ya pili imebeba jina la Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa akasomea utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 60 hadi kifo chake mwaka 1956. Ikibidi, rufaa itafika Mbeya, kilometa zaidi ya 300, au Muhimbili.

Kipimo kamili cha narkolepsi hufanywa kwenye maabara ya usingizi, mgonjwa akilala na nyaya kichwani usiku mzima na mchana unaofuata. Usikate tamaa kama hakipatikani. Daktari makini anaweza kuanza na maelezo mazuri, hasa yakiwapo ya kulegea kwa kicheko. Ndiyo maana daftari ni muhimu: kila siku kwa wiki mbili, andika saa ya kulala, saa ya kuamka, kila usingizi wa mchana na ulikuwa unafanya nini, kila kulegea na kilichotangulia, kila jinamizi, dawa na pombe. Nenda na mtu anayelala nyumba moja nawe, aeleze mkoromo.

Dawa za kumweka mtu macho, kama modafinili, huandikwa na daktari bingwa na huenda zikahitaji kutafutwa kwenye miji mikubwa. Kwa kulegea na jinamizi, dawa za zamani za sonona kama amitriptilini, au fluoksetini, husaidia wengi kwa dozi inayopangwa na daktari. Mwanamke anayetumia vidonge vya majira au vijiti aseme kabla ya kupewa modafinili, kwani huvipunguza nguvu na mimba inaweza kuingia. Na usiache dawa ya kulegea ghafla, hata ukijisikia umepona. Kulegea hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, wakati mwingine mara nyingi kwa siku moja. Hesabu vidonge vyako kila wiki, na vikibaki vya siku kumi, panga safari ya kuvifuata, hasa masika ambapo njia za vijijini huharibika.